Mshazari wa milimita 3 kwenye gego la farasi: watu wa Botai walifuga au waliwinda?

#1 Gego_la_Tatu
Wakuu, salaam.

Kila mahali naambiwa farasi alifugwa kwanza Botai, makazi ya kale huko Kazakhstan, yapata mwaka 3500 KK, kana kwamba kesi hiyo ilishafungwa na hakimu kaenda zake. Kwa miaka mingi dai hilo lilibebwa na jino. Si jino lolote: ni gego dogo la pili la taya la chini, lile linalotangulia safu ya magego, mara tu baada ya pengo inapokaa lijamu, kile kipande anachowekwa farasi mdomoni ili aongozwe. Farasi aliyechoshwa na lijamu huisukuma kwa ulimi mpaka aikamate kwa magego na kuitafuna, na kona ya mbele ya gego hilo ikalika kimshazari. Wanaakiolojia David Anthony na Dorcas Brown wakaweka kizingiti: mshazari ukifika milimita 3, mnyama huyo alivalishwa lijamu.

Hoja yangu: hizo milimita 3 zinaeleza meno ya juu na ya chini ya farasi yalivyokutana, hazielezi kama kulikuwa na mtu mgongoni. Mwenye kubisha ajitokeze.

#2 Taya_Wazi
Nabisha. Wale wawili hawakukaa mezani wakakisia. Walitumia farasi wanne, kila mmoja akapandwa saa 150, kwa lijamu za vitu ambavyo mtu asiye na chuma angekuwa navyo: kamba ya katani, kamba ya singa za farasi, ngozi, mfupa. Meno yakachukuliwa chapa kabla na baada. Hata kamba ililila jino. Maelezo yao ni kwamba chembe za mchanga hunasa kwenye lijamu, nayo inageuka tupa. Halafu wakalinganisha na meno ya farasi wa porini ambao hawajawahi kuguswa na lijamu, ndipo kizingiti kikatoka. Hakikuokotwa njiani.

#3 Kisu_Butu
@Taya_Wazi usiwapambe sana kabla hujataja Dereivka.

Fuvu la farasi dume kutoka Ukraine, lilifukuliwa kwenye tabaka lililodhaniwa kuwa la takriban mwaka 4000 KK. Meno yalikuwa na mshazari wazi kabisa. Dunia ikashangilia: mpanda farasi wa kwanza! Kipimo cha kaboni mionzi cha mfupa wenyewe kikaleta kati ya mwaka 700 na 200 KK. Shimo la Zama za Chuma lilikuwa limechimbwa na kushuka mpaka kwenye tabaka la zamani, na fuvu likaingia humo.

#4 Taya_Wazi
Kweli, na waliolifuta dai hilo ni haohao Anthony na Brown. Ila hilo ni kosa la tabaka, si la kipimo. Jino lilisema "nilivaa lijamu" na lilikuwa linasema kweli. Mwongo alikuwa udongo.

#5 Ungo_Mpana
"Mwongo alikuwa udongo." Nimekaa pale kwenye kona nasubiri wajuzi.

#6 Bi_Darubini
Kabla hamjapigana, tuelewane jinsi ya kupima, maana nusu ya ugomvi huu unatokana na vipimo vibovu.

Kwanza hakikisha ni jino lenyewe. Gego hilo la chini huchongoka upande wa mbele kama ncha ya mtumbwi, kwa sababu halina jirani wa kulibana. La juu ni pana zaidi, kwa hiyo ukiwa makini hutachanganya. Pili, umri. Gego la kudumu hapo huota farasi akiwa na miaka miwili na nusu hivi, na mwanzoni uso wake bado ni wa mabonde. Chini ya miaka 3 usipime kabisa. Zaidi ya miaka 20 pia weka pembeni, meno ya wazee huliwa ovyo. Umri unaukadiria kwa urefu wa taji, yaani jino bila mzizi, kwa sababu jino la farasi linapanda polepole kadiri linavyosagika.

Tatu, kipimo. Weka rula au bamba bapa juu ya uso wa kutafunia, likae kwenye sehemu zilizo juu kabisa za jino, kisha kwa kalipa pima wima kutoka kwenye bamba mpaka ukingo wa mbele. Rudia mara tatu. Kama kona imemeguka baada ya jino kuzikwa, acha. Mmeguko mpya una rangi nyeupe na kingo kali. Mkwaruzo wa uhai umelainika na una rangi moja na jino lote.

Sasa mtego: kama gego la juu limetokeza mbele kuliko la chini, au limerudi nyuma, kona ya mbele ya la chini itasagika vingine bila lijamu yoyote. Ndiyo maana jino lililolegea, lisilo na taya wala mwenzake wa juu, lina ushahidi nusu. Na mengi ya Botai ni ya namna hiyo.

#7 Kwato_Moja
Shukrani Bi_Darubini. Niongeze kwamba Robin Bendrey alihama kutoka uso wa kutafunia akaangalia ukingo wa mbele, wima. Lijamu ikigonga pale kwa miaka, sementi inakwisha, enameli (ganda gumu la jino) inatoboka, na unaona utepe wa dentini (sehemu ya ndani) wenye kingo zinazokwenda sambamba. Wengi wanauona huo kuwa ushahidi mzito kuliko mshazari.

#8 Ungo_Mpana
Sementi? Ya mifuko?

#9 Kwato_Moja
😂 Sementi ya jino, mzee. Ni tabaka linalofunika mzizi, na kwa farasi hupanda mpaka kwenye taji. Kuna wanaoihesabu kama pete za mti kujua mnyama alikufa majira gani, lakini huo ni uzi mwingine.

#10 Kisu_Butu
Hata utepe wa Bendrey haukupona. Mwaka 2021 William Taylor na Christina Barrón-Ortiz waliyarudia meno ya Botai na kuyaweka kando ya meno ya farasi pori wa Amerika Kaskazini wa enzi ya barafu, wakati hakuna binadamu yeyote aliyepanda farasi popote. Wakakuta alama za aina ileile. Maelezo yao ni kwamba enameli iliyokua vibaya utotoni pamoja na sementi kubanduka kwa kawaida vinaweza kuchora utepe huo. Sasa Taya_Wazi atuambie nani aliwavalisha lijamu wale.

#11 Taya_Wazi
Hakuna aliyewavalisha. Na mimi sijasema kila alama ni lijamu. Swali ni uwiano: katika kundi la pori unazipata ngapi, katika kundi la Botai ngapi? Upande wa Botai walijibu kwamba alama zao ni pana na zina umbo tofauti. Jino mojamoja halimalizi ubishi.

#12 Mfupa_Mkavu
Naona mnamlaumu farasi kwa jino wakati Botai ilisimama kwa miguu mitatu. Timu ya Alan Outram mwaka 2009 ilileta jino, mfupa mwembamba wa mguu unaofanana na wa farasi wa kufugwa wa baadaye, na mafuta ya maziwa yaliyonasa kwenye vyungu. Jino likianguka, maziwa yapo. Nani atamkamua farasi pori?

#13 Kisu_Butu
Huo mguu wa maziwa nao unachechemea. Mwaka 2021 ukoga uliogandana kwenye meno ya watu wawili wa Botai ulipimwa protini, na protini ya maziwa haikuonekana. Tena mwaka 2018 vinasaba vilionyesha farasi wa Botai ni mababu wa farasi wa Przewalski, wale wa porini wa Mongolia, si wa hawa tunaowajua. Nasaba ya farasi wa leo ilitokea nyika za Volga na Don na kuanza kusambaa karibu mwaka 2200 KK.

#14 Kwato_Moja
Watu wawili ni sampuli hiyo, mkuu? Na kuhusu vinasaba, unachanganya mambo mawili. Kutokuwa babu wa farasi wa leo si kutokufugwa. Watu wanaweza kufuga, wakakoma, mifugo ikarudi porini. Vinasaba vinaeleza nani kazaa nani. Havielezi nani alifungwa kamba.

#15 Gego_la_Tatu
Safi. Sasa niwaongezee kuni. Marsha Levine alitumia urefu wa mataji kukadiria umri wa farasi wa Botai walipokufa. Akapata mchanganyiko unaofanana na kundi hai: wenye umri wa kuzaa ni wengi, ambao mfugaji angewaacha. Huo kwake ni uwindaji wa kufagia kundi zima. Mfugaji huchagua, mwindaji wa kufukuza hachagui.

#16 Mlinzi_wa_Zizi
Hapo ndipo nilipokuwa nawasubiri. Jino la farasi linapendwa kwa sababu ya mbwembwe, lakini kazi kubwa ya meno katika akiolojia ni hii ya umri wa kuchinja, na mfalme wake ni taya la kondoo na mbuzi.

Sebastian Payne alitoa utaratibu huo mwaka 1973 kutokana na mataya ya Aşvan Kale, Uturuki. Hatua tisa, A hadi I: A ni miezi 0 hadi 2, B miezi 2 hadi 6, C miezi 6 hadi 12, D mwaka 1 hadi 2, na kuendelea mpaka I ya miaka 8 hadi 10. Unasoma jino gani limeota, gani linaota, na enameli imesagika mpaka dentini imeonekana kwa umbo gani. Kisha unachora mkunjo wa waliobaki hai. Wakitaka nyama, madume wengi huchinjwa wakikaribia kukomaa, maana baada ya hapo wanakula zaidi ya wanavyonenepa. Wakitaka maziwa, madume huondolewa mapema sana. Wakitaka sufu, utakuta wazee wengi, pamoja na madume yaliyohasiwa.

Kosa la wanagenzi: gego la utotoni la nne la chini lina nguzo tatu, na gego kubwa la tatu la chini nalo lina nguzo tatu. Ukiyachanganya, umemfanya mwanakondoo wa miezi sita kuwa mzee. Tofauti iko kwenye ile nguzo ndogo. Katika jino la utotoni iko MBELE, katika gego la tatu iko NYUMA. Tena enameli ya jino la utotoni ni nyembamba.

#17 Ungo_Mpana
Hapa nina neno, na jina langu linaruhusu. Mataya ya wachanga ni laini, mbwa huyamaliza kabla hayajazikwa. Yale yanayobaki huvunjika na meno yake hutawanyika. Ukichimba bila kuchekecha, unaokota mataya makubwa kwa macho na meno madogo ya utotoni yanakwenda na kifusi. Matokeo yake mkunjo wako unasema "sufu" kumbe ni uvivu wa mchimbaji. Kwa hiyo kabla sijaamini mkunjo wowote nauliza: tundu za chekecheke zilikuwa milimita ngapi?

#18 Mlinzi_wa_Zizi
Haki kabisa. Na idadi pia. Mataya kumi na mawili hayachori mkunjo, yanachora matumaini.

#19 Bi_Darubini
@Mlinzi_wa_Zizi, umepita haraka kwenye "wakitaka maziwa". Vifo vya wachanga vina maelezo mengi. Baridi, minyoo, ukosefu wa malisho ya kiangazi, kundi lililozaa nje ya msimu. Mkunjo wa kundi lililougua na mkunjo wa kundi la maziwa vinaweza kulingana kabisa. Halafu kwa ng'ombe kuna ubishi wa zamani: ng'ombe wengi hawaachii maziwa bila ndama kuwapo, kwa hiyo kuchinja ndama mapema ni kujikatia maziwa.

Jino lenyewe lilisaidia kidogo hapo. Marie Balasse na Anne Tresset walichukua meno ya ng'ombe wa Bercy, mahali pa Zama za Mawe Mpya penye Paris ya leo, wakapima isotopu za naitrojeni (aina zake nyepesi na nzito) tabaka kwa tabaka kwenye dentini. Ndama anayenyonya yuko ngazi moja ya chakula juu ya mama yake, kwa hiyo naitrojeni nzito huzidi, akiachishwa kiwango kinashuka. Wakaona waliachishwa mapema, na umri wa kuchinjwa ndama ukaelekea wakati huohuo wa kuachishwa. Yaani si kuchinja ili kukamua, ni kuchinja maziwa ya mama yalipokwisha kazi.

#20 Mlinzi_wa_Zizi
Napokea. Ila hiyo ni Bercy, si kila zizi.

#21 Pembe_Kavu
Kwa kuwa mmeingia kwenye isotopu, niwape hatua kwa wanaosoma tu bila kuona inavyofanyika.

Unasafisha uso wa nguzo moja ya gego mpaka sementi na uchafu viishe. Kisha kwa kekee ndogo ya almasi unachimba mifereji ya upana wa milimita moja, ikipita kimlalo, mmoja baada ya mwingine kutoka ncha ya taji kuelekea shingoni, taji linapokutana na mzizi. Kila mfereji unatoa unga wa miligramu 5 hadi 10. Pima umbali wa kila mfereji kutoka shingo ya jino KABLA ya kuchimba unaofuata, maana vumbi likitanda huoni mpaka. Unga unaoshwa kwa asidi ya siki iliyozimuliwa kuondoa chokaa ya ardhini, kisha unapelekwa kwenye mashine. Ncha ni utotoni, shingo ni baadaye. Oksijeni inakupa majira, kaboni inakupa malisho. Kwa kipimo cha kaboni nzito (sehemu kwa elfu), mnyama wa majani ya nyasi za joto anakaribia +2, wa miti na nyasi za baridi anakaribia -12.

Yanayoharibika: jino lililosagika limepoteza miezi ya mwanzo kwa hiyo usilifananishe na lisilosagika. Pia enameli haikomai siku moja. Inawekwa kwanza, kisha inaendelea kujaa madini kwa miezi, kwa hiyo kila mfereji ni mchanganyiko wa miezi kadhaa. Kilele cha kweli kilikuwa kirefu kuliko unachokiona.

#22 Kwato_Moja
Na karibu na ikweta mkunjo wa oksijeni unaleta kiburi. Kule kwenye misimu minne unapata wimbi zuri la mwaka. Bonde la Ufa la Kenya lina misimu miwili ya mvua, kwa hiyo mawimbi yanapandana. Waliofanyia kazi wafugaji wa kale wa huko waliegemea zaidi kaboni, kwa sababu nyasi hubadilika unavyopanda mlima: chini ni za joto tupu, juu sana zinachanganyika na za baridi. Ng'ombe akipanda na kushuka na kundi, jino linaandika.

#23 Kisu_Butu
Au hakupanda popote, alikula vichaka kiangazi. Kaboni ileile.

#24 Kwato_Moja
Ndiyo maana mtu mzima anaongeza strontiamu, elementi inayotoka kwenye mwamba wa mahali na kufika kwenye jino kupitia chakula. Vichaka havibadilishi mwamba.

#25 Kisu_Butu
Strontiamu nayo! Tuijadili Durrington Walls basi, karibu na Stonehenge. Mwaka 2019 timu ya Richard Madgwick ilipima nguruwe 131 kutoka maeneo manne ya karamu kusini mwa Uingereza, wakasema baadhi walitoka mbali, hata Scotland. Vichwa vya habari vikawa "karamu ya taifa". Lakini namba moja ya strontiamu inaweza kupatikana sehemu kumi. Inakuambia mnyama HAKUKULIA hapa. Kukuambia alikulia wapi ni hatua nyingine, na wapo wanaakiolojia waliopinga hatua hiyo kwa maandishi. Isitoshe, ramani ya kulinganishia hutokana na mimea ya leo, na chokaa ya kilimo inabadilisha strontiamu ya udongo. Watafiti wa Denmark wameonyesha hilo.

#26 Pembe_Kavu
Timu ya Madgwick haikutumia strontiamu peke yake, ilitumia isotopu za elementi tano. Na nguruwe si mnyama wa kuswagwa safari ndefu kama ng'ombe, kwa hiyo hata maili chache ni habari. Usiniambie waliletewa paja lililokaushwa: meno yako kichwani, na vichwa viko pale.

Ila nakupa moja. Ule umri wa kuchinjwa wa miezi tisa unaotumika kusema "karamu ya katikati ya majira ya baridi" unadhani nguruwe walizaliwa majira ya kuchipua. Nguruwe akila vizuri anazaa mara mbili kwa mwaka. Hapo msingi unayumba.

#27 Mfupa_Mkavu
Mmenifurahisha, lakini wote mnalisoma jino kama risiti ya chakula. Jino pia ni kitu cha kuvaa. Kidani cha jino la kulungu mkubwa kilichotoka pango la Denisova, Siberia, kilichovywa kwenye maji ya fosfati na kupashwa moto hatua kwa hatua mpaka nyuzi 90 bila kuchimbwa tundu hata moja. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kimetoa vinasaba vya mwanamke, vya kati ya miaka 19,000 na 25,000 iliyopita. Huenda jasho lake liliingia kwenye vitundu vidogo vya jino.

#28 Ungo_Mpana
Aliyekivaa au aliyekitoboa?

#29 Mfupa_Mkavu
Ndilo swali. Au aliyekishika mara ya mwisho. Wachimbaji wenyewe walivaa glavu na barakoa, vinginevyo tungesoma vinasaba vyao.

#30 Gego_la_Tatu
Turudi zizini. Yupo punda wa Gath, Israel, aliyezikwa chini ya sakafu ya nyumba karibu mwaka 2700 KK. Isotopu za meno zinasema alikulia Misri. Na gego lake dogo la pili la chini lina alama ya lijamu, kwa vipimo vilevile mnavyovigombania. Hapa hakuna anayebisha kwamba alifugwa. Kwa nini alama moja ikubaliwe kwa punda na ikataliwe kwa farasi?

#31 Kisu_Butu
Kwa sababu kwa punda wa Gath hatutegemei alama. Tungeifuta, angebaki wa kufugwa kwa mengine yote. Botai ukiifuta unabaki unatafuta.

#32 Taya_Wazi
Unabaki na mafuta ya maziwa, kinyesi cha farasi kwenye ujenzi, na nyumba zaidi ya mia. Si haba.

#33 Bi_Darubini
Kinachokosekana ni ulinganisho mpana: magego ya jamii yote ya farasi ambao hatuna shaka hawakuvaa lijamu, umri umeandikwa, taya la juu na la chini pamoja, kila moja likipimwa na watu wawili wasiojua limetoka wapi. Pundamilia wangefaa sana. Mafuvu yao yapo kwa wingi kwenye makumbusho.

#34 Ungo_Mpana
Ila mtoe wale wa Walter Rothschild, yule tajiri wa Uingereza aliyekusanya wanyama. Aliwafunga kwenye gari la kukokotwa akapita nao London, lijamu mdomoni.

#35 Bi_Darubini
😂 Hao ndio wa kupima kwanza.